Mama Yuko Kazini, Chumba cha Pili

Likizo ya Agosti mwaka wa 1986, Warigia Nderitu aliendelea kuamka saa kumi na mbili asubuhi ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Aliteka maji mferejini, akawasha jiko, akateleka chai, kisha akamwosha uso ndugu yake Waweru, mtoto wa miaka mitatu aliyechukia maji kana kwamba yalikuwa yamemkosea. Asubuhi za Agosti huko Langas, pembeni mwa mji wa Eldoret, zina baridi ya kuuma masikio. Waweru alipiga kelele, Warigia akamsugua, na siku ikawa imeanza.

Zamani, wakati huo Mama angekuwa ameshaondoka. Kwa miaka sita Mama Warigia, ambaye jina lake hasa ni Njambi, alikuwa akifuma sweta katika karakana moja katikati ya mji. Alitoka nyumbani saa moja asubuhi akiwa amevaa viatu vyake vyeusi na kitambaa chake cha buluu, akarudi saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa Juni mwenye karakana alihamishia shughuli zake Nakuru. Aliwaambia wanawake wote kwamba anayetaka kazi amfuate huko. Mama hakumfuata. Alinunua mashine moja kuukuu ya kufumia sweta, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, na akapata kazi ya kwanza: sweta thelathini nyekundu zenye shingo ya manjano, za shule moja ya bweni iliyo kwenye njia ya kwenda mji mdogo wa Ziwa. Zilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba.

Warigia alifurahi mno. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, Mama angekuwa nyumbani siku nzima!

Baba yake, Simeon Nderitu, alikuwa dereva wa lori la mahindi na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Hakufurahi upesi namna hiyo. "Tujaribu mpaka shule zifunguliwe," alisema. "Kazi ikikushinda hapa, Mama Warigia, itabidi uende Nakuru. Watoto watakaa Ol Kalou na cucu yao."

Warigia alimpenda cucu, nyanya yake, lakini Ol Kalou ilikuwa mbali, na kule hangemwona Mama ila Krismasi kwa Krismasi. Tangu siku hiyo alianza kuzihesabu sweta.

Wiki ya kwanza alihesabu nne. Nne tu! Akazihesabu tena, akidhani nyingine zimeanguka chini ya meza. Hakuelewa. Katika karakana Mama alikuwa akimaliza mbili kwa siku, na hapa hakuwa na msimamizi wa kumkaripia wala barabara ya kutembea. Muda ulikuwa ukienda wapi?

Ulikuwa ukienda mlangoni. Saa tatu Jelagat, aliyeuza maziwa mtaani, alileta mtungi wake. "Nisaidie kuuza haya, Njambi, mimi nifike sokoni kidogo. Wewe si uko nyumbani tu?" Saa nne mama mmoja aliacha mtoto wake mgonjwa. Saa tano wanawake wa kikundi waliingia kwa mkutano, kwa kuwa waliona afadhali wakutane kwa mtu ambaye haendi popote. Na mgeni akiingia, hata kama amekimbia mvua tu, hawezi kutoka bila chai. Mama aliinuka, akateleka chai, akaketi nao, akacheka nao, huku jicho lake moja likiwa kwenye mashine.

Kila aliporudi kwenye mashine, alikuwa amesahau idadi ya mistari. Mkono wa sweta una mistari yake, na ukikosea hesabu, mkono mmoja unafika kwenye vidole na mwingine unaishia kwenye kiwiko. Mama alifumua, akafuma, akafumua. Wageni wasipokuja, alijiita mwenyewe. Aliinuka kugeuza maharagwe, akaona sufuria chafu, akaiosha, akakumbuka nguo zilizoloweshwa. Na wakati wa kula alikula amesimama, kijiko mkononi, akivuta uzi kwa mkono mwingine. Waweru akimkaribia alifokewa. Jioni Warigia alimpelekea daftari lake la hesabu, na Mama akajibu, "Baadaye, baadaye," bila kuinua kichwa.

Hapo Warigia alichanganyikiwa kabisa. Mama alipofanya kazi mjini, jioni alikuwa wao. Sasa alikuwa nyumbani mchana kutwa, na bado hakuwa nyumbani, wala hakuwa kazini. Basi alikuwa wapi?

Kulikuwa na jambo jingine la kumchanganya, na hilo lilikuwa katika nyumba ya pili kutoka kwao. Huko aliishi rafiki yake Adongo, msichana wa miaka kumi na mitatu, na wazazi wake. Baba yake, Mzee Bethwel Opiyo, alikuwa amestaafu kazi ya reli na sasa alitengeneza saa. Siku za shule Warigia hakuwahi kumwona asubuhi. Jumatatu ya wiki ya pili, akimwaga maji machafu, alimwona Mzee akitokea mlango wa mbele amevaa koti na tai, mfuko wa ngozi kwapani.

"Haya, nimeenda, Mama Adongo," Mzee alisema.

"Kazi njema," mkewe alijibu kutoka ndani.

Mzee alitembea hadi kisiagi cha mahindi, akakizunguka polepole huku akisalimia watu, akarudi kwa njia ya nyuma, akafungua mlango mdogo wa chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe, akaingia. Warigia alibaki amesimama na karai. Masikini, alijiambia, Mzee ameanza kupotewa na akili, na mkewe bado hajajua.

Alimkimbilia Adongo. "Baba yako yuko wapi?"

"Ameenda kazini."

"Lakini nimemwona akiingia chumba cha nyuma! Kile pale kichwa chake dirishani!"

Adongo aliangalia dirisha, kisha akamwangalia Warigia kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu. "Ndiyo. Si nimekwambia yuko kazini?"

Mchana huo Warigia alimsikia Mama Adongo akimwambia mgeni mlangoni, "Mzee yuko kazini. Atatoka saa saba." Mgeni alishukuru na kwenda zake. Hakuingia, hakunywa chai, hakukasirika.

Warigia aliwaza sana, akafikiri ameng'amua siri ya watu wazima. Kumbe ndivyo inavyofanywa! Mtu akija, unamwambia mwenye nyumba hayupo, hata kama yuko nyuma ya ukuta. Huo ulionekana kuwa uongo, na mwalimu wa dini alikuwa ameshasema mengi juu ya uongo. Lakini Mama Adongo alikuwa mwanakwaya, na kama mwanakwaya aliweza kuusema kila siku, labda ulikuwa uongo wa namna nyingine, ulioruhusiwa. Hakuwa na hakika. Alijua tu kwamba Ol Kalou ni mbali.

Kesho yake aliweka kigoda mlangoni, akaketi na Waweru. Aliongeza sauti ya redio ili kelele za mashine zisisikike nje. Jelagat alipofika na mtungi, Warigia alisema, "Mama ameenda mjini." Mama wa mtoto mgonjwa alipofika, Mama alikuwa ameenda mjini. Wanawake wa kikundi pia waliambiwa mjini, nao wakaenda kumtafuta mwenyeji mwingine.

Dawa ilifanya kazi kweli kweli. Kufikia Jumatano jioni sweta zilikuwa tisa, ingawa hazikuwa na shingo, kwa sababu shule ilikuwa bado haijaleta uzi wa manjano. Mama alinyosha mgongo akasema, "Watu wa mtaa huu wamekuwa na huruma wiki hii. Hakuna aliyenisumbua." Warigia alitazama miguu yake.

Alhamisi saa nne, kijana mmoja alisimamisha baiskeli mlangoni. Alikuwa mtu wa adabu, kalamu mfukoni, na nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga gunia.

"Hujambo, msichana? Mimi ni Kiptoo, karani wa shule. Ninamtafuta fundi wa sweta."

Kama Warigia angevuta pumzi moja tu, angekumbuka kwamba huyu si mgeni wa chai. Lakini ulimi ulikuwa umezoea njia yake. "Mama hayupo."

"Ameenda wapi?"

Neno 'mjini' lilikuwa tayari mdomoni, lakini usiku na mchana Warigia alikuwa na neno jingine kichwani, na ndilo lililotoka. "Nakuru."

"Nakuru?" Kiptoo alikunja uso. "Atarudi lini?"

"Sijui."

Kiptoo alilitazama gunia, akaitazama redio iliyokuwa ikipiga kelele, akatikisa kichwa, akageuza baiskeli. Warigia alimtazama mpaka akapotea nyuma ya kisiagi. Alijua kuna kitu kimeharibika, ila hakujua ni kitu gani.

Alikijua Ijumaa asubuhi. Jelagat, aliyekuwa akipeleka maziwa mpaka ile shule ya bweni, aliingia bila kubisha hodi, mtungi mkononi.

"Njambi! Kumbe uko hapa? Huko shuleni karani amesema umehamia Nakuru! Mwalimu mkuu anatafuta fundi mwingine. Uzi wa manjano uko pale ofisini kwake, karani alirudi nao."

Mama alisimama. Uzi ulimteleza mkononi. "Nani amesema niko Nakuru? Sijatoka hapa! Nimekuwa nikiungoja huo uzi." Alimgeukia Warigia, lakini kigoda kilikuwa kitupu.

Warigia alikuwa ameshafika nyumba ya pili, analia mpaka kamasi zinamtoka. Alimkuta Mama Adongo akichambua mboga.

"Mbona nyinyi mkisema uongo hakuharibiki kitu?" aliuliza kati ya kwikwi.

Mama Adongo aliweka mboga chini. "Uongo gani, mwanangu?"

"Kwamba Mzee ameenda kazini. Na yuko hapo nyuma tu!"

Yule mama alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka hadi akafuta macho kwa leso. "Ai, Warigia! Na kazi yake iko wapi? Si iko hapo nyuma? Nilishamwambia mtu hata siku moja kwamba Mzee hayupo? Ninasema yuko kazini, na anatoka saa saba. Mwenye saa iliyoharibika anapitia mlango wa nyuma. Mwenye hadithi anangoja saa saba. Nimemdanganya nani?"

Warigia alifuta kamasi kwa mkono.

"Nikwambie," Mama Adongo aliendelea. "Huyu Mzee alipostaafu, alikuwa akitengenezea saa kwenye meza ya kulia, amevaa pajama. Mimi namtuma maji, jirani anamwita kwa siasa, Adongo anataka viatu vyake vishonwe. Siku moja nilichambulia maharagwe kwenye meza hiyo hiyo, nikayainjika, na tulipokula mgeni wetu akauma saa ya mkono ya mwalimu fulani. Nikamwambia, Bethwel, vaa koti, toka nyumba hii, uende kazini kama mtu! Akaniuliza aende wapi. Nikamwambia azunguke kisiagi, na akirudi aingilie mlango wa nyuma. Alidhani natania. Siku hizi hata akiugua mafua lazima azunguke."

Hakucheka tena. "Sasa niambie wewe umesema nini, na kwa nani."

Warigia alimwambia. Mama Adongo alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, akamrudisha kwao. "Sema mbele ya mama yako. Nitasimama karibu nawe, lakini maneno ni yako."

Kwa hiyo Warigia aliyasema. Alisema yote: mjini, redio, Kiptoo, Nakuru. Mama aliuacha uzi pale ulipoanguka. Aliketi juu ya kile kigoda, akashika kichwa.

"Nilidhani watu wamenihurumia," alisema. "Kumbe mwanangu alikuwa ananificha."

"Nilitaka umalize, Mama. Sitaki uende Nakuru."

Mama alimvuta karibu. "Hata mimi nimekosea," alisema. "Sikuwaambia watu ninapofanya kazi, basi ukawaambia wewe kwa njia yako. Lakini uliyemdanganya utamwambia mwenyewe. Vaa viatu."

Walipanda pikapu ya maziwa ya kaka yake Jelagat, wakafika shuleni saa sita. Mwalimu mkuu, Bi. Jepchirchir, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani. Kiptoo alikuwa ameketi pembeni akiandika. Warigia alisimama mbele ya meza.

"Mama hakuwa Nakuru," alisema. "Alikuwa ndani, anafuma sweta zenu. Mimi ndiye niliyesema uongo. Bwana Kiptoo, nisamehe."

Kiptoo alikohoa. "Ndiyo maana redio ilikuwa na kelele vile," alisema taratibu.

Bi. Jepchirchir alivua miwani, akamtazama Mama. "Ninashukuru kwa ukweli huo. Lakini, Mama, zimebaki wiki mbili. Nitajuaje kwamba kazi ya nyumbani itakwisha? Nyumbani kuna mambo mengi. Mimi mwenyewe ninajua."

Mama alisimama wima. "Kuanzia kesho, Mwalimu, nina saa zangu. Naingia saa mbili. Natoka saa saba kula na wanangu. Narudi saa nane hadi saa kumi na moja. Jumamosi ni hadi saa saba, na Jumapili siingii."

"Hata Jumapili hufanyi, na wiki ni mbili tu?"

"Nilifanya Jumapili iliyopita, Mwalimu. Jumatatu nilifumua yote niliyofuma."

Bi. Jepchirchir alitabasamu kidogo sana. "Jumatano asubuhi karani atakuja. Akikuta sweta kumi na tano zilizokamilika, tuendelee. Asipozikuta, samahani, nitampa mtu mwingine." Akasukuma gunia la uzi kuvuka meza.

Jumamosi ile mashine ilihamia chumba cha pili cha nyumba yao, ambacho nacho kilikuwa na mlango wa nyuma, na kitanda cha watoto kikaja sebuleni. Saa mbili kasoro Mama alivaa viatu vyake vyeusi na kitambaa cha buluu. "Haya, nimeenda," alisema, huku akiona aibu. Alizunguka kisiagi. Wanaume waliokuwa wakingoja unga walicheka, mmoja akamwuliza kama amepoteza nyumba. Mzee Opiyo, aliyekuwa akija nyuma yake na mfuko wake wa ngozi, aliinua kofia akasema kwa sauti, "Habari ya asubuhi, fundi mwenzangu." Kicheko kikapungua.

Kazi ngumu ilikuwa ya Warigia mlangoni. Kusema uongo kulikuwa rahisi kuliko hili. Jelagat alifika Jumatatu saa tatu.

"Mama yuko kazini," Warigia alisema. "Anatoka saa saba. Karibu saa saba."

"Kazini wapi, na ninaisikia mashine?"

"Hapo hapo, chumba cha pili. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mimi ni wa kupangiwa saa, Warigia? Mimi?" Jelagat alinuna, akabeba mtungi wake, akaenda bila kwaheri. Warigia alibaki na moyo mzito. Je, wamempoteza rafiki kwa ajili ya sweta? Ukweli nao ungeweza kukasirisha watu hivyo?

Saa saba na dakika tano Jelagat alirudi. Bado alikuwa amenuna, lakini alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi. Mama alikuwa ameketi mezani, viatu amevivua, hana uzi mkononi. Walikunywa chai nusu saa. Mama alisikiliza habari yote ya ng'ombe wake mgonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu Juni macho yake hayakukimbilia mashine. Alipokuwa akiondoka, Jelagat alisema, "Leo angalau tumeongea."

Na saa kumi na moja jioni Mama alifunika mashine kwa shuka, akafunga mlango wa nyuma, akazunguka kisiagi tena. Alipotokea mbele ya nyumba, Waweru alimkimbilia akipiga makofi: "Mama amekuja! Mama amekuja!" Mtoto huyo alikuwa amesikia mashine ya mama yake siku nzima nyuma ya ukuta, lakini alimrukia shingoni kama mtu aliyetoka safari. Baada ya chakula Mama aliomba daftari la hesabu.

Jumatano saa nne, Kiptoo aliegemeza baiskeli ukutani. Safari hii redio ilikuwa imezimwa. Warigia aliinuka.

"Shikamoo, Bwana Kiptoo. Mama yuko kazini. Wewe umekuja kwa kazi, basi pitia mlango wa nyuma."

Alimsindikiza hadi huko. Kiptoo alizipanga sweta juu ya meza, akaigusa kila shingo ya manjano, akalinganisha mikono. Alizihesabu polepole mno, kama mtu anayependa kuwatesa watoto. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Ya kumi na sita ilikuwa kwenye mashine, mgongo tayari.

"Nitamwambia Mwalimu tuendelee," alisema, na Warigia akakaa chini palepale kwenye simenti, akalia kuliko alivyolia Ijumaa.

Sweta zote thelathini zilifika shuleni siku moja kabla ya muda. Bi. Jepchirchir aliagiza nyingine arobaini za muhula wa kwanza, na Mama Adongo alikubali kukaa na Waweru asubuhi shule zitakapofunguliwa. Jumamosi, Baba alipozisikia habari zote, aliitazama ile mashine, akatazama viatu vyeusi mlangoni. "Basi nimwandikie cucu kwamba hamwendi," alisema. Warigia alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka.

Jioni hiyo, wakichambua mchele pamoja, Mama alimwambia, "Sikiliza, Warigia. Mtu anayefanya kazi nyumbani lazima ajue saa ya kuanza na saa ya kuacha, na awaambie watu waziwazi. Asipoanza kwa wakati, kazi haiishi. Asipoacha kwa wakati, anawapoteza watu wake ingawa yeye nao wako chumba kimoja. Na ukweli ukisemwa kwa adabu, rafiki hukasirika asubuhi na kurudi mchana. Uongo ulikuwa umetufukuzia mpaka mtu aliyetuletea uzi."

Warigia alifikiri. Jambo moja bado lilimsumbua. "Na mimi je, Mama? Nikikuhitaji sana na ni saa tatu asubuhi, uko kazini?"

Mama aliacha mchele. "Ukitaka sukari, ngoja saa saba. Ukiumia, au ukiogopa, piga mlango. Hata kama niko katikati ya mstari."

"Na utasahau hesabu."

"Nitasahau," Mama alisema. "Nitafumua, nianze upya."